Siri za Mashine Namba Mbili

Dukani kwa Sekretari, pale Kasulu karibu na soko, mteja mmoja akifika mahali pa kuandika neno la siri, watu wote waliomo walitakiwa kugeuka waangalie barabara. Si jirani yake wa kiti tu, wote. Aliyekuja kutoa kopi ageuke, mzee anayesubiri barua ageuke, na mama mwenye mtoto mgongoni naye ageuke, ingawa hapo mtoto ndiye aliyebaki anatazama skrini kwa niaba ya ukoo. "Geukeni," alisema, bila kupaza sauti. Nimewahi kuona mchungaji, askari na mwalimu mkuu wamepanga mstari mmoja wanatazama pikipiki zinavyopita mpaka mteja aseme, "Tayari." Mimi nilikuwa na steshenari yangu milango miwili kutoka kwake, na niliamini kabisa kwamba huko kugeuka ndiko kutakakomfilisi.

Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa katibu muhtasi katika ofisi fulani ya umma tangu enzi za mashine ya taipu, akachapa barua za siri za mabosi zaidi ya kumi, wengine waadilifu, wengine Mungu mwenyewe anajua. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo akanunua kompyuta tatu, wakati wenzake wananunua ng'ombe. Alivaa sweta ya bluu hata mwezi wa tisa jua linapochoma, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alichapa kwa vidole vyote kumi huku amekutazama wewe usoni na kukugombeza, na barua ikatoka haina kosa.

Msidhani alikuwa mtu wa kunyamaza. Umbeya aliupenda kama wengine wanavyopenda chai ya saa nne. Alijua nani ametoka Makere na gunia la mihogo akarudi bila gunia na bila hela, alijua binti gani wa kwaya amebadilisha njia ya kwenda kisimani na kwa nini. Akishaanza kuhadithia, mpaka wauza dagaa waliacha nzi watue. Lakini kilichopita kwenye kibodi chake hakikupita mdomoni mwake. Nilimwuliza siku moja tofauti iko wapi. "Wanachofanya barabarani wamekifanya mbele yangu," akasema. "Wanachoandika hawakukifanya mbele yangu. Nimekuwepo tu." Nikamwambia hiyo ni hoja ya wakili. Akasema mawakili nao aliwachapia.

Sehemu nyingi huku kwetu, na kwangu kukiwemo, mwenye steshenari ndiye alikuwa kabati la mji. Mtu anakuja kuomba chuo, kazi au namba ya mlipakodi, hana barua pepe. Unamfungulia, unamchagulia neno la siri, unaliandika kwenye kaunta buku lako, basi. Akilitaka tena, anarudi kwako. Tuliona ni huduma. Sekretari alikataa katakata. Alikupa kipande cha karatasi, akakuambia uandike mwenyewe, ukatunze mwenyewe, na ukipoteza ulie mwenyewe. Mwalimu mmoja wa kwaya, Mkongo wa kambini Nyarugusu, alimwendea siku moja kwa unyenyekevu mkubwa.

"Mama, mot de passe yangu minaisahau. Weye haukuichunga?"

"Mimi si kabati."

"Lakini Mama, kule ingine duka banatuchungiaka."

"Nenda huko kwingine duka," akasema, akinyoosha kidole kwangu. Yule mwalimu akaja kwangu na wimbo mdomoni, nikampokea kwa mikono miwili.

Jambo lililomkera zaidi lilikuwa brauza. Kivinjari, kama wanavyoita redioni: ile programu unayofungulia intaneti. Watu wengi hawajui hata kama ipo, wanadhani ile alama ya kubonyeza ndiyo intaneti yenyewe. Mji mzima ulitumia moja, ile inayokuja na simu. Sekretari alikuwa na tatu kwenye kila mashine, na ile aliyoipenda ilikuwa ya watu fulani wachache ambao, kwa maelezo yake, walikuwa hawamuuzi mtu. Huku pombe ya ndizi hunywewa kwa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na yeye huko ndiko alikopata mfano.

"Chungu ni cha wote," alinieleza. "Sasa anakuja mtu anasema tupeni mirija yenu, nawapa yangu, mirefu, inateleza, tena bure. Mnashukuru. Kesho yeye ndiye anajua nani kanywa kiasi gani. Keshokutwa yeye ndiye anasema nani anywe."

"Kama ni bure, Sekretari, hasara yako nini?"

"Jirani, wewe umewahi kumpa mtu kitu bure?"

Nilifikiri vizuri, nikakosa mfano. Yeye mwenyewe dini yake ilikuwa hairuhusu hata kuonja, kwa hiyo utaalamu huo wa mirija sijui aliutoa wapi.

Kuna chuo kimoja kilichokuwa na tovuti ya maombi iliyogoma kufunguka kwenye brauza yake. Ilileta maandishi mekundu: tumia ile nyingine. Mtu mwingine angetumia ile nyingine. Sekretari alikaa chini akaandika barua rasmi, yenye kumbukumbu namba na YAH: kwa herufi kubwa, kulalamika kwamba mlango wa umma umefungwa kwa kufuli ya mtu binafsi. Alieleza kwamba intaneti ilijengwa ili aliye na chombo chochote aingie, na kwamba wanaojenga kurasa kwa ajili ya brauza moja wanamkabidhi mwenye nayo funguo za nchi bila kuulizwa. Kurasa mbili, nakala kwa watu watano. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, likimshukuru na kumwomba awasilishe malalamiko yake kupitia tovuti hiyohiyo. Alilibandika ukutani, na akiwa na mgeni alimsomea.

Nami wakati huo nilikuwa nashamiri. Kwangu hakuna kugeuka. Mashine zangu zilikumbuka kila kitu: ukiandika herufi moja ya jina lako, zinamalizia zenyewe na neno la siri linajijaza. Watu walicheka kwa furaha. Ili nisisumbuke, niliingia kwenye brauza za dukani kwa akaunti yangu mwenyewe, ileile iliyokuwa kwenye simu yangu. Sekretari aliona siku alipokuja kuazima karatasi. Akasimama nyuma ya mashine namba mbili, akavaa miwani.

"Umelala na duka lako kitanda kimoja," akasema. Sikumwelewa, na karatasi sikumpa zote alizoomba.

Sasa nifike kwa yule dada. Naandika haya kwa ruhusa yake, na hata hivyo nimebadilisha mji aliokwenda, na alichokuwa anauza sikitaji kabisa. Alikuwa na kibanda sokoni. Mume wake alikuwa anampiga. Soko zima lilijua, na soko zima lilikuwa na shughuli nyingine. Siku moja aliingia dukani kwangu mchana, kitambaa amekishusha mpaka kwenye jicho, akaniomba nimwoneshe mahali pa kuuliza. Nikamkalisha mashine namba mbili, nikamwonesha, nikaenda kwenye kopi zangu. Alikaa dakika chache tu. Nilipopita nyuma yake niliona alichoandika kabla hajafunga, nikajifanya sikuona, na nikajisifu moyoni kwa ustaarabu wangu.

Siku tatu baadaye mke wangu alichukua simu yangu. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kinataka kujifunza kutengeneza sabuni ya maji, basi akaandika "namna ya", na simu, kwa ukarimu wake, ikammalizia: namna ya kuondoka kwenye ndoa bila mwenzako kujua. Akafungua zaidi. Basi la Kasulu kwenda Kahama linaondoka saa ngapi. Dalili za kaswende. Kazi za Dubai bila vyeti. Dawa ya kuotesha nywele. Kila kilichoulizwa na wateja wangu kwa mwezi mzima kilikuwa kimehamia kwenye simu yangu na kulala humo chini ya jina langu.

Nilimkuta amekaa mlangoni, simu mapajani.

"Baba Furaha," akasema, "huko Dubai unakwenda na kaswende hiyohiyo?"

Nikamwambia ni ya wateja. Akasema, "Reka, sha, acha uongo. Simu ya nani hii?" Nikaeleza habari za akaunti na mashine, na kila nilivyoeleza nikazidi kuonekana mtu aliyejiandaa. Ukweli ukihitaji maelezo marefu kiasi hicho, hata wewe mwenyewe unaanza kuutilia shaka. "Hii ya kuondoka kwenye ndoa," akaniuliza, "ni ya nani? Nitajie mtu mmoja tu, nimwendee, yaishe." Nikanyamaza. Mke wangu ni mtu wa Muyama. Kwao mtu akinyamaza wanahesabu amejibu. Kesho yake alipeleka shauri kwa wazee wa kanisa.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada, mle kanisani, wazee kwenye benchi la mbele. Mume wa yule dada alikuwa miongoni mwa waliokaa mle. Alikuwa nani na alikaa upande gani, sisemi. Nilipomwona tu, nilijua sina pa kutokea. Nikimtaja mkewe, napata ndoa yangu siku hiyohiyo, na yeye anafika nyumbani kabla ya mkewe. Nikinyamaza, napoteza mke ninayempenda kwa safari ya Dubai ambayo hata nauli sikuwa nayo. Niliogopa, na sioni haya kulisema.

Mwenyekiti alisoma orodha kwa sauti ileile aliyosomea Zaburi. Alipofika kwenye dawa ya nywele alinitazama kichwani kwa huruma. Nilikuwa na upara tayari, hapo sikuwa na utetezi.

Mke wangu akasema amemwita shahidi anayejua mashine. Ndipo Sekretari akaingia na sweta yake, akapiga makofi taratibu na kuinama kidogo kuwaamkia wazee, akakaa bila kuoneshwa kiti.

"Sekretari," mwenyekiti akauliza, "haya maneno ni ya huyu ndugu?"

"Ni ya mashine, mzee. Mashine yake inakaliwa na Kasulu nzima, na anayetoka Kibondo akiachwa na basi anaikalia pia. Huyu jirani yangu ni mjinga, hilo nitalishuhudia hata mahakamani. Lakini Dubai haendi."

Watu wakacheka. Ndipo sauti moja ikauliza, polepole, mwenyewe ameinama anafuta vumbi kwenye kiatu: "Hilo la ndoa. Liliandikwa siku gani?"

Alikuwa yeye, mume wa yule dada. Siku na saa vilikuwa vinaonekana wazi kwenye ile simu, na simu ilikuwa mkononi mwa mwenyekiti.

Sekretari hakumtazama aliyeuliza. "Siku?" akasema. "Mashine za huyu betri ya saa imekufa. Ukiiwasha inakuambia ni mwaka ambao mimi nilikuwa bado nina meno yote. Ukifuata tarehe zake utamfunga marehemu." Mashine zangu zilikuwa na saa sahihi kuliko ya kanisa. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akidanganya, tena hatua nne kutoka madhabahuni.

"Lakini lazima tumjue mwandishi," mwenyekiti akasisitiza.

"Ego, mzee, ni kweli. Basi tumtafute kwa haki. Huyu mmeshasoma ya kwake. Kila aliyemo humu aweke simu mezani, nami nitafungua historia, moja baada ya moja, tusome kwa sauti hiyohiyo. Tuanze na kiti cha mbele."

Juu bati zililia kwa jua. Mzee mmoja akatoa simu yake akaiweka mezani kwa ujasiri mkubwa. Ilikuwa kitochi, haijawahi kuonja intaneti tangu izaliwe. Wengine mikono ilibaki mifukoni. Mwenyekiti akakohoa, akakumbuka kwamba alikuwa na msiba wa kuwahi, akasema mambo mengine hushindwa kwa maombi, tusimame. Tukasimama. Sijawahi kuona watu wanafumba macho haraka namna ile.

Tulipofika nyumbani mke wangu akasema, "Yaishe," akaenda kukata mboga. Nikaamini ni maombi.

Jioni ile, jua halijazama, Sekretari alinifungulisha duka. Alikaa kwenye mashine zangu moja baada ya nyingine, akatoa akaunti yangu, akafuta kila kitu, kisha akafuta na kwenye simu, akaniwekea ile brauza yake ya watu wachache. Kaunta buku langu la maneno ya siri alilichoma nyuma ya duka na kijiti kimoja cha kiberiti. Hakuniuliza ni nani aliyekalia namba mbili. Nilitaka aniulize, kwa sababu siri ilikuwa inaniwasha, lakini hakuuliza.

Haikupita wiki mbili, kibanda cha yule dada kikabaki kimefungwa. Mume akazunguka mji mzima akiuliza, stendi, sokoni, kwa ndugu. Kisha akaja kwangu. Aliingia bila hodi, akavuta kiti cha mashine namba mbili, akakaa pale alipokaa mkewe.

"Nasikia hizi zinakumbuka," akasema. "Fungua."

Nikafungua. Alisogeza uso karibu na skrini, akanilazimisha kuonesha hiki na kile. Palikuwa peupe kama siku ilipotoka kiwandani. Alikaa akikitazama kile cheupe kwa muda, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake na mashine ya kubania karatasi mkononi, sijui ningemfanya nini nayo. Akaondoka. Tangu siku hiyo nami nilianza kuwageuza wateja waangalie barabara, na walipolalamika niliwaambia wakalalamike kwa Sekretari.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Titye, alikohamia baada ya kufunga duka. Simu zilikuwa zimetuua wote wawili. Mimi sasa nauza makava na vocha. Nilimkuta kwenye maharage yake, sweta ileile, ila macho yameingiwa na mtoto wa jicho, anamtambua mtu kwa kikohozi. Alinigombeza kwa kukonda, jambo ambalo hakuweza kuliona. Tukazungumza habari za intaneti. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi watu hawafungui hata kurasa: unauliza, mashine inakujibu yenyewe, wala hujui maneno ni ya nani.

"Wamemaliza mirija, sasa wanatunywea wenyewe," akasema. "Halafu wanakutemea mdomoni, nawe unasema asante, tamu."

"Kwa hiyo tumeshindwa?"

"Nani kasema? Chungu si bado kipo? Wewe unatumia ipi?"

"Ile yako."

"Basi tuko wawili."

Kisha akafuta mikono kwenye kitenge. Akaniambia ana barua pepe hajazisoma tangu macho yaharibike, na wajukuu hataki wazisome. Akanitajia neno lake la siri, sentensi ndefu ya Kiha ambayo nitakufa nayo. Alilitaja taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayevuliwa nguo. Niliona aibu kulisikia.

Barua zilikuwa nyingi, na karibu zote zilitoka kwa mtu mmoja. Niliponyamaza kwenye jina, Sekretari akasema, "Ndiyo, ni yeye. Soma ya juu."

Nikasoma. Yule dada alisema hajambo. Alikuwa na genge lake na vyumba viwili, na mtoto wake wa mwisho ameanza darasa la kwanza. Jicho lilipona. Chini kabisa aliandika: nisalimie mke wa jirani yako, mwambie kitenge alichonifungia nauli kwenye ncha ningali nacho, nauli niliitoa, fundo nikalifunga tena.

Nilirudia mstari huo kimoyomoyo. Miaka yote ile nilijiona ndimi mlinzi pekee wa siri hiyo. Nililala nayo kitanda kimoja na mke wangu, nikavumilia macho yake kila basi la Kahama lilipopiga honi, na nilijihurumia sana.

"Nani alimwambia mke wangu?"

"Hakuna. Alikuwa na macho, mle kanisani. Alimwona aliyeuliza siku. Kesho yake asubuhi akaja dukani kwangu na kitenge, akasema, mpe mwenye safari. Hakutaja jina la msafiri, nami sikulitaja."

"Na mimi hamkuniambia?"

"Wewe si ulikuwa unatunza siri? Tukaona unaiweza, tukakuachia."

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa uani anapepeta maharage. Akaniuliza Sekretari anaendeleaje. Nikamwambia macho yanamsumbua. Kisha nikamwambia, "Kile kitenge bado kipo." Ungo ukasimama. Hakuuliza kitenge kipi. Akanisogezea kigoda, nikakaa.